Kihisi cha Fiba Kinachosogea Ilhali Mzigo Haujasogea

SWALI: Nimebandika kihisi cha gretingi ya Bragg (mistari midogo sana iliyochorwa ndani ya fiba, yaani uzi mwembamba wa kioo upitishao mwanga) kwenye boriti ya chuma ili nipime inavyovutika. Mzigo haubadiliki, lakini kati ya alfajiri na alasiri kipimo, yaani urefu wa wimbi la mwanga unaorudi, husogea kwa pikomita 370 hivi. Je, ninunue kisomaji (chombo cha kupima mwanga huo) chenye uwezo wa kutofautisha pikomita moja?

JIBU: Usinunue bado. Kisomaji hicho kitakuonyesha kosa lile lile, ila kwa tarakimu nyingi zaidi.

Gretingi hurudisha mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi. Fiba ikivutika, urefu huo huongezeka. Ikipata joto, huongezeka vilevile, wala kisomaji hakina namna ya kujua kipi kimesababisha. Kwenye nanomita 1550, kuvutika kwa sehemu moja kwa milioni huusogeza kwa pikomita 1.2 hivi, ilhali nyuzijoto moja ya Selsiasi huusogeza kwa pikomita 10 hivi fiba ikiwa huru, na karibu 25 ikiwa imebandikwa kwenye chuma, kwa kuwa chuma nacho hutanuka. Boriti yako ikiongezeka nyuzijoto 15 tu, msogeo wako wote umekwisha kuelezeka. Ukiusoma kama mzigo, utadhani boriti imevutika kwa sehemu 300 kwa milioni.

Dawa ni gretingi ya pili. Wengi huiacha huru ndani ya mrija mwembamba kando ya ile ya kwanza, kisha hutoa kipimo kimoja katika kingine, na hapo ndipo wanapoteleza: 25 ukitoa 10, hubaki 15 kwa kila nyuzijoto. Ni afadhali uibandike kwenye kipande cha chuma cha aina ile ile, kwa gundi ile ile, nacho kipande kiguse boriti bila kufungwa nayo wala kubeba mzigo. Hapo utoaji wa kawaida unatosha.

Gundi iwe nyembamba na ikauke kabisa, kwani iliyo nene humeza sehemu ya mvutiko na huteleza polepole kadiri siku zinavyopita. Ukiona kilele cha mwanga kimegawanyika viwili, fiba inabanwa ubavuni. Ibandue uanze upya.

Kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha kumpelekea muuza visomaji, na swali la kwanza liwe kama chombo chake kinajisahihisha kwa gesi ya asetilini, ambayo hufyonza mwanga kwenye mawimbi yanayojulikana barabara.