Siku moja Osaka, nipange vipi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni kijana wa spea pale Kariakoo, mwezi wa kumi na moja mwishoni naenda Japani mara yangu ya kwanza na bosi kuangalia gari kwenye mnada, kazi yenyewe siku nne ila siku ya tano bosi kaniachia niwe huru kabisa. Tutalala Osaka maeneo ya Namba, ndege ni kesho yake. Washkaji wananiambia niamke alfajiri nikimbilie Kyoto, mchana niende Nara, jioni ndo nirudi nione Osaka, mwingine anasema Osaka maduka tu hamna cha kuona. Mi napenda vitu vya kale na napenda kula vya kwao, ila nguruwe sili na pombe sigusi. Halafu treni zao kusema kweli naziogopa, nisije nikapotea. Nisaidie. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kaka, Kyoto iache. Najua ni karibu, treni ya haraka ni kama nusu saa tu, lakini Kyoto ni mji wa kukaa siku tatu na wewe unataka kuupa masaa matatu, utarudi na picha za stesheni na miguu inauma. Na huyo aliyesema Osaka hamna cha kuona nadhani aliishia madukani.

Tuanze na treni maana ndo hofu yako. Pale Osaka kila laini ya chini ya ardhi ina rangi na herufi, na kila kituo kina namba, kwa hiyo huna haja ya kusoma Kijapani hata neno moja. Kituo chako kinachoitwa Namba ni M20, laini nyekundu. Unapanda kuelekea M19, unashuka M18 panaitwa Hommachi, unabadili laini ya kijani kutoka C16 mpaka C18, basi umefika ngome ya Osaka. Ukiona namba zinakwenda kinyume na unakotaka, shuka, vuka upande wa pili, panda tena. Chukua tiketi ya siku nzima kwenye mashine, yen 820 siku za kazi na 620 wikiendi, unapanda na kushuka utakavyo. Kitu kimoja uwe nacho makini: laini hiyo nyekundu ina behewa la wanawake tu siku za kazi, limewekwa alama ya pinki chini pale unaposimama kusubiri, usije ukaingia huko kaka. Na kwenye ngazi za umeme Osaka wanasimama kulia, kushoto wanaacha wenye haraka, ni tofauti na Tokyo.

Sasa ngome. Fika saa tatu asubuhi kabla makundi hayajajaa. Mbabe wa vita Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583, ikateketea kwenye vita vya 1615, watawala wapya wa ukoo wa Tokugawa wakafukia kuta zake chini ya udongo na kujenga za kwao juu yake, halafu mnara wao nao ukapigwa na radi 1665. Huu unaouona leo ni wa zege, umejengwa 1931 kwa michango ya wananchi wa Osaka wenyewe, ndani una lifti na makumbusho. Kuingia mnarani ni yen 1,200, bustani yote ya nje ni bure. Wengine wanasikia zege wanakata tamaa, mimi nakwambia usiangalie mnara kwanza, angalia mawe. Ukipita tu geti linaloitwa Sakuramon utakutana uso kwa uso na jiwe moja wanaliita Takoishi, maana yake jiwe la pweza, kwa sababu pembeni chini lina doa linalofanana na pweza. Wanakadiria lina tani kama 108, na limeletwa kwa maji kutoka kisiwani miaka ya 1620, hakuna kreni, hakuna injini, kamba na watu tu. Wewe unayejua kushusha injini ya Fuso kwa mnyororo simama hapo dakika kumi ufikirie wamelishushaje. Halafu tembea kandokando ya kuta utaona alama zimechongwa kwenye mawe, kila mtawala aliyeagizwa kuleta mawe aliweka alama yake. Mwishoni mwa Novemba na miti ya ginko inakuwa njano yote, beba koti, kuna baridi ya asubuhi.

Ukitoka hapo rudi kituo kilekile ila ushike laini ya zambarau, ambako namba yake ni T23, mpaka T26, vituo vitatu, uende hekalu la Shitennoji. Lilianzishwa mwaka 593 na mwanamfalme Shotoku. Majengo yenyewe yameungua mara nyingi, mabomu ya 1945 nayo yakapita, kwa hiyo mengi ni mapya, ila ramani ni ileile ya kale. Kuna bwawa limejaa kobe wamepandana juu ya mawe wanaota jua, mi nilikaa pale nikala ndizi yangu nikasahau muda. Mafundi seremala waliojenga hekalu hili walianzisha kampuni ya ukoo wao mwaka 578, na ukoo huo ukaiendesha mpaka 2006! Na kama siku yako itaangukia tarehe 21 au 22 umebahatika, kila mwezi siku hizo kunakuwa na gulio la vitu vya zamani hapohapo uwanjani, vyombo, saa, nguo, spana kuukuu utazipenda.

Kutoka hekaluni tembea kwa mguu kama dakika ishirini kuelekea mtaa wa Shinsekai kwenye mnara wa Tsutenkaku, wa kwanza ulijengwa 1912, huu wa sasa 1956. Kupanda si lazima. Hapo wanauza mishikaki ya kukaanga, ila wewe pita tu maana mafuta yake mara nyingi ni ya wanyama, nguruwe yumo.

Chakula chako ni takoyaki, na hiki ukile jioni Dotonbori, mtaa wa vyakula pale Namba; kutoka Shinsekai panda laini nyekundu M22 mpaka M20 umerudi Namba. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja hivyo taa zinawaka mapema. Simama umwangalie mpishi. Ana chuma chenye vishimo, ukikiona utasema hiki si chuma cha vitumbua? Anamwaga uji wa ngano, anadondosha kipande cha pweza kila kishimo, majani ya kitunguu, tangawizi nyekundu, halafu anachukua kijiti cha chuma kama sindano ya kushonea magunia anavizungusha vyote kwa kasi mpaka vinakuwa mipira. Pweza wengi wanaoliwa Japani wanatoka Mauritania na Morocco, Afrika yetu hii. Kabla hujanunua muonyeshe kwenye simu umeandika kwa Kijapani kwamba huli nguruwe wala pombe, nguruwe wanamwita buta, sosi zingine zina vitu hivyo, basi omba chumvi badala ya sosi. Na usitie mdomoni mzima, ndani ni moto wa kuunguza ulimi, toboa kwanza mvuke utoke. Kula umesimama pale pale kibandani uwarudishie takataka zao, mapipa mtaani ni ya kutafuta kwa tochi. Beba na pesa taslimu, vibanda vingine kadi hawataki.

Hapo Dotonbori kuna tangazo kubwa la mkimbiaji kanyoosha mikono, picha yake piga ukiwa juu ya daraja la Ebisu, watu wote wanaigiza hivyo hivyo nawe nyoosha. Halafu achana na kelele, nyuma kidogo tu kuna kichochoro cha mawe kinaitwa Hozenji. Mwisho wake pana sanamu ambayo watu wameimwagia maji miaka na miaka mpaka imeota ukoga wa kijani mwili mzima, sura haionekani tena. Wewe hulazimiki kumwaga, ni ibada yao, simama pembeni utazame. Treni za mwisho ni mida ya saa sita usiku lakini wewe hoteli iko Namba, utatembea kwa mguu tu.