Kisahani cha pizo hakitachaji simu, lakini taa kitawasha

Swali linarudi kila wiki: "Nimebandika visahani kumi vya pizo chini ya soli ya kiatu, mbona simu haichaji?" (Kisahani cha pizo ni bati la duara lililobandikwa kauri nyeupe inayotoa umeme ikibanwa.) Haitachaji. Piga hesabu kwanza. Kisahani cha milimita 27 kina uwezo wa kushika chaji wa takriban nanofaradi 20. Kikigongwa kikafika volti 20, umevuna maikrojuli 4. Betri ya simu ya mAh 4,000 inabeba kama juli 53,000. Kwa kisahani kimoja, hiyo ni kugonga mara bilioni 13, na soli itakuwa imeisha zamani.

Kinachozalisha umeme hapa ni mgandamizo unaobadilika, siyo uzito. Jacques na Pierre Curie walilionyesha jambo hili mwaka 1880 kwa fuwele kama kwarzi na turmalini. Fuwele ikibanwa, chaji chanya na hasi zinasogea na kujitokeza kwenye nyuso zake. Ukiweka tofali juu ya kisahani ukaliacha, unapata msukumo mmoja tu, kisha chaji inavuja. Ndiyo maana ukikipima, mita ya volti inaruka na kurudi sifuri papo hapo: mita yenye ukinzani wa megaomu 10 inakinyonya kisahani ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mita haijaharibika, msiitupe.

Anza hivi. Chukua LED (vitaa vidogo) mbili nyekundu, ziunge sambamba zikiwa zimegeuziana miguu, kisha ziunge kwenye kisahani. Zima taa ya chumba. Ukigonga inamweka moja; ukiachia, ya pili. Umeme wa kubonyeza na wa kuachia una pande tofauti, kwa hiyo ukitaka kuuhifadhi lazima upite kwenye daraja la dayodi nne, yaani vipitisho vya umeme vya upande mmoja (aina ya 1N4148 zinatosha), ndipo uingie kwenye kapasita, kihifadhi chaji, ya maikrofaradi 10. Gonga makumi ya mara, kisha igusishe kwenye LED: LED inamweka mara moja vizuri. Kapasita kuukuu inavuja haraka kuliko unavyojaza, na hapo utagonga mpaka kidole kiume.

Kosa kubwa ni kugundisha mgongo wote wa kisahani kwenye ubao. Hakipindi, hakitoi kitu. Kikalishe kwenye ukingo wa kifuniko cha chupa ya maji, katikati pawe wazi, ubonyeze hapo katikati. Usizidishe: kauri nyeupe ikitoa ufa, kisahani kimekwisha.

Kwenye kulehemu, waya mmoja uende kwenye kauri, mwingine kwenye bati la rangi ya dhahabu. Kwenye kauri gusa kwa sekunde moja au mbili tu. Joto likizidi, mpangilio wa chaji ndani unavurugika: kisahani kinabaki kizima kwa macho ila umeme hakuna.

Ukitaka volti kubwa, fungua kiberiti cha gesi kilichoisha, kile kinacholia "tak". Kinyundo chenye springi kinapiga kipande kidogo cha kauri na kutoa maelfu ya volti. Usiushike waya wake.