Bi Daktari wa Mifugo Anajibu: Anayelipia Resi Ndiye Anayezitawala

Barua za mwezi huu zimenishughulisha kuliko kawaida. Tatu kati yake, moja ya Unguja na mbili za Pemba, zinazunguka jambo moja: mnyama akishindanishwa mbele ya watu, pesa zitoke mfukoni mwa nani, na nani awe na amri ya kusema "basi, mtoeni". Maswali ya chanjo na kupe yatasubiri toleo lijalo. Haya yanataka nafasi.

*Assalaam alaykum, Bi Daktari. Mwanangu anasoma Uingereza. Ananambia Septemba 2025 resi za farasi kule zilisimama siku nzima, watu wa farasi wamegoma kwa sababu ya kodi. Barazani kwetu watu wazima wawili nusura washikane mashati. Mmoja anasema serikali ya kule inawalisha farasi, mwengine anasema farasi ndio wanaoilisha serikali. Nani mkweli? Msomaji, Chake Chake.*

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Wapatanishe wazee hao, maana kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kipande kikubwa zaidi hakuna aliyekishika: wanaowalisha farasi wa Uingereza ni watu wanaopoteza pesa zao kwa kubeti.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Septemba 2025. Viwanja vinne vilivyokuwa na resi siku ile, Carlisle, Kempton, Lingfield na Uttoxeter, vilifuta ratiba, na wenye farasi, wafunzaji na wapanda farasi wakaenda London kupaza sauti. Hawakuwahi kugoma hivyo kwa hiari yao katika zama hizi.

Ili uelewe kilichowapeleka huko, rudi nyuma kidogo. Maduka ya kubeti mitaani yaliruhusiwa Uingereza Mei 1961, kwa sheria ya mwaka 1960. Serikali ikaona kwamba mtu akiweza kubeti mtaani kwake, kiwanjani hatakwenda tena, na farasi watakosa wa kuwalipia. Ikatungwa sheria nyengine ya kuwalazimisha wenye maduka ya kubeti watoe tozo maalumu, na ikaundwa bodi ya kuikusanya na kuigawa. Leo tozo hiyo ni asilimia 10 ya faida wanayoipata kwa resi za Uingereza, baada ya kuondoa pauni 500,000 za mwanzo. Tangu 2017 wanalipa hata wale wanaoendesha biashara yao mtandaoni kutoka nje ya nchi. Inakusanya zaidi ya pauni milioni 100 kwa mwaka, na inakwenda kwenye zawadi, madaktari wa wanyama na utafiti wa maradhi ya farasi. Kwa hiyo Hazina haitoi shilingi yake hapo, lakini bila ya mkono wa sheria hakuna ambaye angelipa.

Kodi ni jambo jengine, na ndiyo iliyoleta mgomo. Anayebetisha resi na michezo mtandaoni alikuwa anatozwa asilimia 15, na anayeendesha michezo ya kasino mtandaoni asilimia 21. Hazina ikataka kuziunganisha ziwe kiwango kimoja. Watu wa farasi wakapiga hesabu zao: kampuni zikizidishiwa kodi, zitaanza kubana kwetu. Wabunge wenye viwanja vya farasi majimboni mwao wakasimama nao. Bajeti ya Novemba 2025 ikatoka na jibu. Kasino za mtandaoni zikapandishwa hadi asilimia 40 kuanzia Aprili 2026, kubeti michezo mengine mtandaoni kukapangiwa asilimia 25 kuanzia Aprili 2027, na farasi wakaachwa na 15 yao.

Walishinda, na siwanyimi haki yao, kwani nyuma ya kila farasi kuna mtu wa kumpiga brashi, wa kumtia viatu vya chuma, wa kumlisha alfajiri. Lakini itazame faida ile inayokatwa asilimia 10. Faida ya mbetishaji ni hasara ya waliobeti. Watu wakipoteza kidogo, na farasi anapata kidogo. Mimi nimefanya kazi ya mifugo tangu ujana wangu, na moyo wangu haukubali dawa ya mnyama ingojee mshahara wa mtu upotee kwanza.

Na mfuko wa namna hiyo unaweza kufungwa kwa kalamu moja. Ontario, Kanada, tangu 1998 waliweka mashine za kamari viwanjani, na sehemu ya mapato ikawa ya farasi, kiasi cha dola za Kanada milioni 345 kwa mwaka. Mwaka 2012 serikali ya jimbo ikasema pesa hizo zina kazi nyengine, na mpango ukafungwa mwaka uliofuata. Watu waliokwisha kupandisha majike, watoto wakiwa bado tumboni, wakajikuta wana mifugo isiyokuwa na soko. Ireland wao wana mfuko wa sheria ya 2001: asilimia 80 inakwenda kwa farasi, 20 kwa mbwa wa mbio, na sasa umekaribia euro milioni 100 kwa mwaka. Kila unapofika bungeni kuna wanaosimama kuuliza kwa nini mbwa wakimbizwe kwa pesa za umma. Mimi naliona swali hilo ni la haki kabisa.

Umesahau kuuliza, lakini najua barazani litazuka: mbona Dubai hawabeti na resi wanazo? Ni kweli. Kombe la Dubai la farasi lipo tangu 1996, zawadi ya resi kubwa ni dola za Marekani milioni 12, na kubeti kiwanjani hakuna. Mtawala na wafadhili ndio wanaotoa. Farasi yuko salama na kamari, ila anategemea kupenda kwa mwenye nchi.

*Bi Daktari, shikamoo. Punda wangu wa gari niliwaazima vijana wa kamati kwa resi za Idi pili. Amerudi anachechemea mguu wa mbele, kifundo kimevimba na kina moto. Kamati inasema kila mtu alileta punda wake kwa hiari. Nifanye nini na nimdai nani? Msomaji, Makunduchi.*

Marahaba, mwanangu. Kwanza punda. Gari usimfunge, hata la kubeba nyasi tu. Inua mguu uchokonoe kwato vizuri, maana mara nyingi lawama ya kifundo ni ya jiwe au msumari ulioingia chini. Mwagie maji baridi pale penye moto asubuhi na jioni, mfunge kivulini penye ardhi laini, na mwite bwana mifugo wa eneo lenu amshike mwenyewe. Asiyekanyagia mguu kabisa hasubiri kesho. Na vidonge vya maumivu vya binadamu usimpe.

Sasa kamati. Aliyeita watu, akapanga siku, akachora mstari wa kuanzia, huyo ndiye aliyebeba dhamana. Neno "hiari" halimwondolei. Marekani, nchi kubwa yenye pesa, walilipuuza jambo hili mpaka likawaaibisha. Kila jimbo lilikuwa na kanuni zake za dawa na ukaguzi. Katika msimu mmoja wa kiwanja cha Santa Anita, California, kuanzia mwisho wa 2018 hadi Juni 2019, walikufa farasi wapatao 30. Desemba 2020 ikapitishwa sheria ya nchi nzima ya kusimamia usalama na dawa katika resi. Kanuni za usalama wa viwanja zikaanza Julai 2022, za dawa Mei 2023. Hata hivyo yapo majimbo, Texas na Louisiana miongoni mwao, yaliyokwenda mahakamani kuipinga, na kesi zimefika hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Wanabishana nani mwenye mamlaka na nani alipe gharama za ukaguzi, na huku farasi anakimbia.

Nenda kwa sheha wako pamoja na mtu wa kamati. Dai gharama ya matibabu na siku ambazo gari halikutoka. Halafu mwambie sheha kwamba Idi ijayo pesa za kutibu zitengwe kabla ya pesa za zawadi. Zikikosekana, resi zisiwepo.

*Assalaam alaykum, Bi Daktari. Sisi ni kamati ya mchezo wa ng'ombe, wilaya ya Micheweni. Kampuni moja ya kubeti imetujia, inataka kulipia ngoma, fulana na zawadi, na mchezo urushwe mtandaoni kwa jina lake. Wenzetu wengine wanasema bora tuombe serikalini. Wengine wanasema serikali ikitia pesa itatia na mkono, na mchezo utakuwa wa viongozi na watalii, sisi tutabaki kufagia uwanja. Tumegawanyika. Tupe rai yako. Wanakamati.*

Wa alaykumu salaam, wanangu. Pesa za kampuni ya kubeti rudisheni. Msizikalie kikao cha pili.

La dini mnalijua, lakini nitalisema kwa sababu watu huchanganya. Mtume, sala na amani zimshukie, alishindanisha farasi. Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba waliofunzwa walikimbizwa kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Zawadi imeruhusiwa katika farasi, ngamia na mishale. Wanazuoni wakafafanua: mtawala au mtu wa nje akitoa, ni halali, wanaoshindana wakiwekeana pesa, mshindi akazoa zote, hiyo ni kamari. Ng'ombe hayumo katika hayo matatu, kwa hiyo suala la zawadi katika mchezo wenu lipelekeni Ofisi ya Mufti mpate neno lililoandikwa. Kubeti hakuhitaji kupelekwa popote.

Langu ni la mnyama. Katika mchezo wetu ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba, mchezaji anamwendea na kitambaa, wanawake wanaimba, ngoma na zumari vinalia, na fahari inarudi kijijini na ng'ombe wake. Mtu wa mbali mwenye simu mkononi atabeti juu ya kitu gani hapo? Juu ya mchezaji kupigwa pembe, na juu ya dume kuchachamaa. Siku pesa zikikaa juu ya hasira ya ng'ombe, atapatikana wa kuitengeneza hasira hiyo. Nimewahi kuitwa baada ya mchezo kumtazama dume ambalo kamba ya makumbi ilikuwa imekula ngozi juu ya kwato, pande zote. Nywele hazikuwepo, nyama ilikuwa nyekundu mbichi, nzi wameshataga, na nilipogusa aliurusha mguu na kutetemeka hadi begani. Chini ya mkia palikuwa na alama za kuchomwachomwa na kitu chenye ncha. Hapo hapakuwa na kampuni wala zawadi, ni vijana tu waliotaka ng'ombe wao awe mkali. Tieni kamari juu yake muone.

Sasa serikali. Hofu ya wenzenu ina msingi, na msiwaite wapinzani wa maendeleo. Singapore walikuwa na resi za farasi kwa zaidi ya miaka 180. Juni 2023 ilitangazwa kwamba uwanja wa Kranji utafungwa na ardhi yake, hekta 120 hivi, irudi serikalini kwa ajili ya nyumba na matumizi mengine. Resi ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2024. Watazamaji walikuwa wamepungua, lakini farasi hawakukosekana. Ardhi ndiyo iliyotakiwa. Na sisi Zanzibar ardhi ni ya serikali, mnalijua hilo. Uwanja ambao babu zenu walicheza msimu wa kaskazi hauna karatasi, na miti ya mpakani haitasimama mahakamani. Kwa hiyo cha kwanza kuomba serikalini kisiwe pesa. Ombeni uwanja upimwe na uandikwe kuwa ni wa mchezo wa kijiji. Pesa za fulana zinakwisha kwa mvua moja ya masika.

Cha pili ombeni mtaalamu wa mifugo awepo siku ya mchezo, alipwe na serikali, na awe na amri ya kumtoa ng'ombe uwanjani bila ya kamati wala kiongozi aliyekuja kutazama kumpinga. Hapa ndipo pesa za umma zinapostahiki kuingia, kwa sababu ng'ombe hawezi kujitetea. Uingereza wana mamlaka ya kusimamia resi za farasi iliyo mbali na Hazina na mbali na wabetishaji. Mwaka 2023 waandamanaji waliichelewesha resi yao kubwa, Grand National, na farasi mmoja akafa katika resi hiyo. Mwaka 2024 waliruhusiwa farasi 34 tu badala ya 40. Wapo mashabiki waliokasirika. Lakini uamuzi ulitoka kwa watu wa mchezo wenyewe, na mchezo ukaendelea.

Ngoma, zumari, chakula cha wageni na kitoweo cha wachezaji, hayo changeni wenyewe kama mlivyozoea. Andikeni kila shilingi na jina la aliyeitoa, na mchezo ukimalizika msomee kijiji kizima, wanawake wakiwemo, maana nyimbo na jiko ni vyao. Kijiji kilichochanga chenyewe kinaweza kumwambia mgeni yeyote, awe mfadhili au mheshimiwa, akae alipopangiwa.

Barua ipitieni kwa sheha, kisha ofisi ya wilaya, na nakala mpelekeni mwakilishi wenu wa jimbo, maana suala la uwanja linaweza kuulizwa katika Baraza la Wawakilishi. Kabla ya kuituma nileteeni rasimu, nitawaandikia sehemu ya ukaguzi: ng'ombe atazamwe nini asubuhi, apumzishwe lini, na jeraha la namna gani linamtoa. Msimu ukiwafika kabla ya majibu, chezeni, lakini kamba ya makumbi iwekeni kando mtumie ya pamba nene, na dume akianza kutoa ulimi na povu, mfungueni mumpeleke kivulini mumpe maji.