Kuzunguka Ziwa Naivasha kwa gari siku moja

Ndugu, siku moja inatosha, mradi uondoke alfajiri. Shika barabara ya Moi South Lake, ile inayopita kusini mwa ziwa, na uanzie Hell's Gate kabla jua halijawa kali. Ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya unazoruhusiwa kuzunguka kwa miguu au baiskeli. Ukodi baiskeli, uache gari. Pundamilia wanakula majani hapo hapo kando ya njia, wanainua vichwa kukutazama, kisha wanaendelea. Nyati ndio wa kuheshimiwa. Ukiwaona, simama mbali. Watoto watapenda kuutazama mnara wa mwamba wa Fischer's Tower, na wapanda miamba hufanya mazoezi pale.

Lakini nakusihi: wingu likitanda, usishuke kwenye korongo la Hell's Gate, hata kama mvua inanyesha mbali. Maji huja ghafla kati ya kuta zile zilizobanana, na mwaka 2019 yaliua watu saba.

Mchana pumzikeni Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha Born Free, bustani yake inatazama ziwa na mbega weupe kwa weusi wako mitini. Ukiwa na muda, songa mbele hadi Oloiden, kiziwa kilichojulikana kwa maji yake ya magadi na flamingo.

Boti nayo ni nzuri, ila vaeni jaketi za kuokolea, wote. Na jua likizama msikae ufukweni kabisa. Viboko hutoka majini kula majani nchi kavu.