Injini ya gesi: turbo si kitu cha kufungiwa baadaye

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Tuna kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Umeme wetu hauzidi kilowati 100, na tunahitaji maji ya nyuzi 80 pamoja na mvuke wa pasi, mchana kutwa. Gesi asilia ya bomba ipo, nasi tunataka injini yake ituzalishie umeme na joto lake lipashe maji na kutoa mvuke. Muuzaji mmoja anatushauri tununue injini isiyo na turbo, halafu kazi ikiongezeka fundi wake atatufungia turbo itoe kilowati 150. Mwingine anadai injini isiyo na turbo imepitwa na wakati na inakula gesi bure. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, ila huyo wa kwanza ni hatari zaidi, kwa hiyo nianze naye.

Ahadi ya "tutakufungia turbo baadaye" naletewa kila mara, na najua ilikotoka: kwenye dizeli. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Katika dizeli silinda inagandamiza hewa tupu, mafuta yanaingia dakika ya mwisho. Ukiongeza hewa na mafuta kiasi, injini inavumilia. Injini ya gesi haiko hivyo. Gesi na hewa zimekwisha changanyika kabla pistoni haijaanza kupanda. Turbo inagandamiza mchanganyiko huo na kuupasha moto, pistoni inaugandamiza tena, na sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo injini inapogonga. Ikigonga kwa mzigo kamili, pistoni inaweza kuharibika kwa muda mfupi sana.

Halafu tazama hizo kilowati 50 za nyongeza zinatoka wapi. Injini ya jenereta haiwezi kuongezewa mwendo. Kwa umeme wa hezi 50 nyingi huzunguka mara 1,500 kwa dakika, basi. Nguvu yote ya ziada lazima itoke katika kila mlipuko, yaani shinikizo la wastani ndani ya silinda lipande kwa nusu nzima. Gasketi ya silinda hedi, beringi na krenkishafti havikupimwa kwa mzigo huo. Na jenereta yenyewe je? Ya kilowati 100 haiwi ya 150 kwa sababu injini imefungwa turbo.

Turbo ya kiwandani ina kazi nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Injini nyingi za gesi zenye turbo huchoma mchanganyiko mwembamba, wenye hewa mara 1.6 hadi 1.8 ya ile inayotosha kuunguza gesi. Hewa hiyo ya ziada inapunguza ukali wa moto, inazuia kugonga na kupunguza oksidi za naitrojeni. Ila nafasi ndani ya silinda ni ileile, kwa hiyo lazima hewa isukumwe kwa nguvu, kisha ipozwe kabla ya kuingia. Pistoni, taimingi (wakati wa plagi kuwaka) na kipoza hewa vimesanifiwa pamoja tangu mwanzo. Injini isiyo na turbo mara nyingi huchoma kwa uwiano kamili, yaani hewa inayotosha tu kuunguza gesi, na moshi wake hutoka ukiwa na nyuzi 600 hivi, wakati wa ile ya mchanganyiko mwembamba huwa kati ya 400 na 450. 

Huyo wa pili anahesabu umeme tu. Tuseme injini isiyo na turbo inageuza asilimia 34 ya gesi kuwa umeme, yenye turbo asilimia 39, na zote mbili, ukijumlisha joto, zinafikia asilimia 85. Kwa kilowati 100 za umeme, ya kwanza inakula kilowati 294 za gesi, ya pili 256. Tofauti ni 38. Lakini ya kwanza inakupa pia kilowati 32 zaidi za joto, na kuzipata kwenye boila ya ufanisi wa asilimia 85 ungechoma gesi kilowati 38 zilezile. Kwa anayetumia joto lote, faida imeyeyuka. Anayemwaga joto kupitia rejeta ndiye mwenye sababu ya kutafuta turbo. Mvuke nao unatoka kwenye moshi peke yake, na kwa kila kilowati ya umeme moshi wa injini isiyo na turbo hutoa mvuke mwingi zaidi.

Kwako wewe, basi, ikiwa joto kweli linatumika kutwa, injini isiyo na turbo yenye katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) inatosha. Ukitarajia kilowati 150, nunua mbili za 75. Kama mko nyanda za juu, kumbuka injini hiyo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Wengine wasomao hapa wajihadhari na jamaa za huyo fundi. Kuna wanaotoa nozeli za dizeli, wanaweka plagi mahali pake, wanaacha pistoni zilezile za mgandamizo mkubwa na kuita hiyo injini ya gesi. Kuna wanaofunga sumaku kwenye bomba eti gesi iungue vizuri. Wabaya kuliko wote ni wanaokata waya wa kitambuzi cha kugonga kwa kuwa "kinasumbua kuzimisha mashine".

Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi jedwali la joto la injini: kiasi gani kutoka maji ya injini, moshi na kipoza hewa, kwa nyuzi ngapi, kwa mzigo kamili na kwa nusu. Kwa injini yenye turbo, joto la nyuzi 40 la kipoza hewa wengi hulitupa. Ukichukua hiyo, wewe unaweza kulitumia kupasha kwanza maji baridi ya kufulia. Uliza pia asilimia za ufanisi zimehesabiwa kwa thamani ipi ya joto la gesi. Watengenezaji hutumia ya chini, isiyohesabu joto linalobaki kwenye mvuke wa maji ulio katika moshi. Bili ikitumia ya juu, asilimia 39 ya kwenye karatasi inakuwa kama 35. Na soma maandishi madogo: kiwango cha kimataifa cha injini, ISO 3046, kinaruhusu injini itumie gesi asilimia 5 zaidi ya iliyotajwa.