Shoti ya makusudi: niliyojifunza kwenye kuyeyusha barafu ya nyaya

Nilisomea ufundi umeme Tanzania, na tangu wiki ya kwanza tuliambiwa mambo mawili: waya ukipata moto umeme unapotea, na shoti ni adui. Nilipoanza kazi ya laini huku Manitoba, Kanada, nikakuta wakati wa baridi tunayafanya yote mawili kwa makusudi. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu mnaokuja huku, na kwa ndugu mtakaozimiwa umeme usiku wa baridi msijue kwa nini.

Theluji yenyewe haitusumbui sana. Tunachokiogopa ni mvua inayoshuka ikiwa maji na kuganda papo hapo inapogusa kitu. Chukua waya wenye unene wa sentimita 3, uvike barafu ya sentimita 2.5 pande zote: kila mita moja inabeba karibu kilo 4. Kati ya minara iliyoachana mita 400, hiyo ni tani moja na nusu kwenye waya mmoja, na upepo bado haujavuma. Januari 1998 mvua ya namna hii iliipiga Quebec, jimbo jingine la Kanada, siku kadhaa mfululizo. Minara ya chuma kama 1,000 ililala chini, pamoja na nguzo za mbao zaidi ya 30,000, na wako waliokaa gizani zaidi ya mwezi katikati ya baridi kali.

Dawa yake ni joto la waya wenyewe. Tunaitoa laini kwenye matumizi ya kawaida, tunaunganisha nyaya zote tatu kwenye mwisho wake wa mbali (hiyo ndiyo shoti yenyewe), kisha kutoka kituoni tunaupeleka mkondo mkubwa kwa msongo (volteji) uliopunguzwa. Hakuna mteja anayeutumia umeme ule. Wote unaishia kuwa joto. Na mkondo ukiuongeza mara mbili, joto linapanda mara nne. Hatungoji barafu yote iyeyuke. Inalainika inapogusana na waya, waya unaikata polepole, halafu inadondoka vipande vipande kama bomba lililopasuliwa. Kiokote kipande kimoja ukitazame ndani: utaona michirizi ya nyuzi za waya jinsi zilivyosokotwa, imechapwa kama kwenye nta.

Kwa laini ndefu za msongo wa kilovolti 735 njia yetu haitoshi, maana kwenye mkondo geu, yaani umeme wa kawaida wa majumbani, sehemu kubwa ya msongo inaliwa na usumaku wa laini yenyewe. Ndiyo maana baada ya 1998 Hydro-Québec, shirika la umeme la Quebec, walijenga mtambo kwenye kituo cha Lévis unaotoa mkondo mnyoofu, kama wa betri, unaofika ampea 7,200. Mkondo huo unapambana na ukinzani wa waya tu.

Sasa ushauri wenyewe, fundi mwenzangu: kagua maungio ya waya kabla ya kitu kingine chochote. Baridi yangu ya pili nilitumwa kukagua laini moja ya mashambani. Nilipita na gari, nikatazama nguzo, nikaridhika. Darubini ilikuwa kwenye kiti cha pembeni na sikuigusa. Ungio moja lilikuwa limechakaa ndani. Kwa mzigo wa kila siku lilikuwa linavumilia, ila tulipopandisha mkondo liliwaka jekundu, waya ukakatika na kuangukia njia ya matrekta. Hakuna aliyeumia, lakini nilijua kosa ni langu. Tangu hapo sitoi ruhusa kabla sijatazama kila ungio kwa darubini, na kwa kamera ya joto inapopatikana.

La pili, anza mapema. Barafu ikiwa nyembamba, kazi ni nyepesi. Ukisubiri hadi nguzo zianze kulia, umechelewa, na upepo nao unapora joto lako kabla halijafanya kazi. Halafu kaa mbali na laini: waya ulioangusha barafu yake unaruka juu kwa nguvu na unaweza kuugonga ulio juu yake.

Nanyi mlio majumbani, tukikata umeme kwa ajili hii tunawaomba subira. Ni afadhali kuzimiwa kwa muda kuliko kupoteza nguzo. Ila msidhani laini ile imekufa. Huo ndio wakati inapobeba mkondo mkubwa kuliko siku zote. Usiegeshe gari chini yake. Waya ukianguka, kaa mbali nao angalau mita 10. Na ule unaotoka nguzoni hadi ukutani kwako usiupige kwa mti kuangusha barafu, hata kama unaona umelemewa.

La mwisho nawasihi sana, kwa sababu tunatoka kulikozoeleka mkaa: msiingize jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, na mwaka 1998 Quebec ilizika watu waliouawa na hewa hiyo yenye sumu. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Vaeni nguo zote mlizonazo, lalaneni chumba kimoja, zimeni hita zote kwenye swichi, mwache taa moja tu. Taa hiyo ikiwaka, ngojeni dakika chache, kisha muwashe hita moja moja, maana mtaa mzima ukiwasha kwa pamoja laini inazidiwa na kuzima tena.