Maswali yenu: Utafiti bila dodoso

Msimamizi wangu ameniambia niache dodoso, nitumie mbinu zisizoingilia. Ndiyo nini?

Ni kuchunguza watu bila kuwasumbua, kwa kusoma kumbukumbu na alama walizoacha. Katika jumba moja la makumbusho ya sayansi huko Chicago, vigae vya sakafu mbele ya maonyesho ya vifaranga wakianguliwa vilichakazwa na miguu ya wageni hata vikabadilishwa kila baada ya wiki sita hivi, ilhali kwingine vilidumu miaka. Hakuna mgeni aliyeulizwa anapenda nini.

Kwa hiyo ni bora kuliko kuhoji?

Kwa mambo ambayo watu huyaonea haya, mara nyingi ndiyo. Mwaka 1973 mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchambua taka za nyumba za Tucson. Makopo ya bia yaliyokutwa humo yalizidi bia ambayo watu walisema wanakunywa. Siwalaumu, mbele ya mgeni mwenye kalamu, nani hajipambi? Ila kopo halisemi limenywewa na nani, wala kama juzi palikuwa na sherehe. Na anayenywea kilabuni, taka za nyumbani kwake hazimtaji kabisa.

Nina rejista za zahanati za miaka 15. Zinatosha kuonyesha kuwa malaria imepungua kijijini?

Hapa nakuomba utulie. Rejista huhesabu waliofika tu. Aliyenunua dawa dukani akarudi kulala hayumo. Kubwa zaidi ni kipimo. Zamani homa nyingi ziliandikwa "malaria" kwa kuangalia dalili tu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kutibiwa. Vipimo vya haraka vikifika zahanati, idadi inaweza kushuka ghafla na mbu ni walewale. Basi fungua daftari, tafuta ukurasa ambapo mwandiko unabadilika au safu ya "kipimo" inaanza kujazwa, kisha mtafute muuguzi wa siku nyingi umuulize walikuwa wanaandikaje. Naam, utarudi kuhoji, na si aibu.

Naweza kutumia mazungumzo ya kundi letu la WhatsApp? Hakuna atakayejua.

Hapana, na hilo "hakuna atakayejua" ndilo linalonitia hofu. Kundi lile ni sebule ya watu. Walikukaribisha kama mwenzao. Omba kibali cha kamati ya maadili, kisha ridhaa yao. Wakikubali, kuondoa majina pekee hakutoshi: sentensi ya mama mmoja kuhusu mwanawe, ukiinukuu neno kwa neno, jirani yake ataitambua.